Kilo Sitini na Moja

Baba aliuza sukari guru mjini Kolhapur,
na kila Diwali alitupandisha mizanini, mimi na kaka,
kwenye sahani ya chuma inayonata,
mabonge ya sukari upande wa pili.
Bhalchandra: mabonge tisa, na bado sahani haijainuka.
Mimi: matatu na nusu.
Ile nusu Mama aliivunja akanitia mdomoni
kama mtu anayeziba ufa.

Miaka arobaini nimekaa ndani ya wembamba wangu
kama nyumba ya kurithi:
sikuijenga, lakini naringa barazani.
Mkanda, tundu lile lile. Suti ya harusi bado yanienea.
Ofisini Pune, idara ya kodi, ghorofa ya nne,
wenzangu huniuliza siri,
nami, mwongo, husema: nidhamu.
Nidhamu gani? Lifti. Kiti chenye magurudumu.
Biskuti sita za kuchovya chai, saa kumi,
kisha sita nyingine, maana hazionekani zinakokwenda.

Sasa najua zinakokwenda.

Daktari Phadnis, binti wa juzi tu, miwani puani,
alinilaza juu ya kitanda cha mashine.
Mkono wa mashine ukapita juu yangu polepole, bila kunigusa,
kama mtu anayetafuta sarafu gizani.
Kisha picha:
mimi, nimetiwa rangi.
Buluu ni mfupa. Nyekundu ni misuli.
Manjano ni mafuta.
Nikasema, Daktari, umekosea faili,
huu ni mtungi wa samli.
Hakucheka.

"Mafuta ya chini ya ngozi ni blanketi," akasema, "mtu hulivaa.
Haya yako hayakuvaliwa. Yamehamia ndani,
yamekalia ini, yamezunguka utumbo,
wapangaji wasiolipa;
tena hawanyamazi, hupeleka maneno damuni usiku na mchana,
mpaka sukari ikibisha hodi hakuna wa kuifungulia."
Akapima paja langu kwa utepe wa fundi cherehani.
"Misuli ndiyo ghala. Wewe una kibweta."

Kilo sitini na moja.
Mizani haikudanganya:
iliulizwa swali moja, ikajibu moja.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Mimi nilishavua zote,
nimebaki na shuka la hospitali,
na bado sikioni.

Nikampeleka kaka.
Kilo mia na nne, shingo kama kinu,
udongo mwekundu wa ulingo wa mieleka
umeota kwenye kucha zake.
Nilitamani, Mungu anisamehe, mashine imfedheheshe.
Picha ikatoka nyekundu,
nyekundu bega hadi muundi,
na manjano yake yote yako nje, shati juu ya shati,
ini safi kama la mtoto.
"Lakini siku utakayotoka ulingoni," daktari akamwambia,
"sahani yako nayo itoke."
Bhalchandra alicheka kicheko chake cha kuangusha watu.
Kwenye ngazi, hata hivyo, nilisikia magoti yake.

Sasa alfajiri ananisimamia uani.
Gunia la kilo ishirini: chini, kifuani, chini.
Ananihesabia kwa sauti, na anaruka namba makusudi,
saba, nane, nane, nane.
Biskuti ni mbili. Ngazi zote nne, kwa miguu,
nafika mezani nikihema kama mdeni.

Miezi minane.
Nimepanda mizani: sitini na moja.
"Hujabadilika hata kidogo," wenzangu wanasema, kwa wivu.
Kwenye picha manjano yamerudi nyuma ya ini
upana wa kidole.

Jana Mama, macho yakiwa na ukungu,
alinishika mkono juu ya kiwiko, akaminya
kwa kidole gumba, vile alivyominya mabonge yaliyotoka kwenye sufuria
kujua kama yameganda.
Akaminya tena.
"Imeanza kushika," akasema,
na kile kipande cha sukari alichoniandalia
akakirudisha mkebeni.